Flashi, lenzi na programu ya kuhariri: mwongozo kwa mpiga picha anayejifunza Mtwara na Lindi

Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari. Katika majira hayo mtu anayesimama nje saa sita mchana huwa na kivuli kifupi kilichomzunguka miguuni, paji lake la uso hung'aa, na macho yake huzama gizani kiasi kwamba kamera haiyaoni kabisa. Nimeanza na jua kwa makusudi, kwa kuwa wengi wetu tunaopiga picha kwa mapenzi tu tunaidhania flashi kuwa kifaa cha usiku, ilhali huku kusini kazi yake ya kwanza ni mchana.

Kwa maoni yangu, mwenye kamera iliyokuja na lenzi ya kawaida ya mm 18 hadi 55 (mm chache huona eneo pana, nyingi huvuta karibu) asinunue lenzi nyingine kabla hajamiliki flashi moja ya kupachika na kuitumia kwa miezi mitatu au minne. Flashi ambayo nguvu yake inarekebishwa kwa mkono inatosha. Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV ni mifano ya bei nafuu, na zote mbili zina redio ndani yake, hivyo zinaweza kuwashwa zikiwa mbali na kamera kwa kutumia kifaa kidogo cha kurushia mawimbi. Jihadhari na flashi kuukuu za enzi ya filamu ambazo bado zinauzwa kwa mkono: baadhi yake hutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu wa kupachikia, na umeme huo unaweza kuiharibu kamera ya kisasa.

Kila flashi ina namba ya uwezo. Ukiigawanya kwa namba ya tundu la lenzi (ile f/8 au f/11; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) unapata umbali, kwa mita, ambao flashi hiyo ikiwa katika nguvu kamili itaangaza vizuri kwa ISO 100, ISO ikiwa ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Flashi yenye namba 36 ikitumiwa na tundu la f/8 hufika mita 4.5. Kumbuka kwamba namba inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa wakati kichwa cha flashi kimekaza mwanga katika mwali mwembamba. TT600, kwa mfano, hutajwa kuwa na namba 60, lakini hiyo ni kwa mkazo wa mm 200, na kwa lenzi pana haifiki huko.

Sasa tuirudie saa sita mchana. Kamera nyingi haziwezi kulandana na flashi kwa kasi ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) inayozidi 1/200 au 1/250 ya sekunde. Kwa jua kali na ISO 100, kasi ya 1/200 inahitaji tundu la f/11 hivi ili anga lisiungue, yaani lisigeuke jeupe tupu. Gawanya 36 kwa 11: unapata mita 3.3. Flashi ndogo iliyojengwa ndani ya kamera ina namba ya karibu 12, nayo kwa hesabu hiyo hiyo inaishia kwenye mita moja na kidogo, na ndiyo maana haimsaidii kitu mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi wake hatua tano kutoka ulipo. Basi msogelee hadi mita tatu, piga picha ya kwanza kwa nguvu kamili, ya pili kwa nusu na ya tatu kwa robo, kisha uzilinganishe kwa kutazama macho yake. Mara nyingi utapendelea ile ya nusu, kwa sababu flashi inayolingana na jua huonekana kama jua la pili, na jicho la mtazamaji hulikataa. Tumia betri za kuchaji za aina ya NiMH, ambazo huiwezesha flashi kujaa upya haraka, na uzichaji siku moja kabla, kwa kuwa umeme ukikatika asubuhi ya safari hakuna cha kufanya.

Zoezi ninaloliona kuwa na faida kuliko yote linafanyika nyumbani, nalo linahitaji kinyago kimoja cha mpingo, kitu ambacho katika mkoa wenye wachongaji wengi wa Kimakonde hakikosekani. Kiweke mezani usiku, funga kamera kwenye tripodi, weka ISO 100, f/8 na kasi ya 1/160, kisha piga picha bila flashi. Picha itoke nyeusi tititi. Hapo una hakika kwamba mwanga wote utakaoonekana baadaye ni wa flashi peke yake. Washa flashi ikiwa juu ya kamera: utaona doa jeupe katikati ya kinyago, na nakshi zote zimelala. Iondoe flashi kwenye kamera, iweke ubavuni, sawa na mkono wa kulia wa kinyago. Mikunjo, chale na vidole vyote vitasimama. Mwisho, tandaza shuka jeupe kati ya flashi na kinyago, shuka likiwa karibu na kinyago iwezekanavyo, uone jinsi lile doa linavyogeuka kuwa mfereji mrefu wa mng'ao laini unaofuata umbo la mbao kutoka bega hadi goti.

Yaliyotokea hapo ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata. Kitu cheupe huonyesha umbo lake kwa vivuli, lakini kitu cheusi kilichosuguliwa huonyesha umbo lake kwa mng'ao, kwa kuwa uso wake hufanya kazi kama kioo cha chanzo cha mwanga: chanzo kidogo hutoa doa dogo kali, chanzo kikubwa hutoa mng'ao mpana na mpole. Ngozi zetu nyingi hufuata kanuni hiyo hiyo, hasa katika joto la pwani ambapo jasho haliepukiki. Mafunzo mengi ya upigaji picha yanafundisha vivuli tu, nayo humwacha mwanafunzi wa huku akidhani kwamba tatizo ni weusi wa anayepigwa picha, na dawa yake ni kumwongezea mwanga. Sivyo. Dawa ni kukikuza chanzo cha mwanga na kukihamishia ubavuni. Mwavuli mweupe wa kupiga picha, au shuka lile lile likiwa limeshikwa na watu wawili, linatosha.

Ukitoka nyumbani kwenda kwenye harusi, utakutana na ushauri uliozoeleka wa kuielekeza flashi kwenye dari ili mwanga urudi ukiwa umetawanyika. Ushauri huo unadai dari nyeupe na ya chini. Katika harusi ya ndugu yetu mjini Lindi nilipiga nusu ya picha nikiwa nimeelekeza flashi juu, kwenye paa la makuti, nami nikapata watu wenye giza na rangi ya udongo, kwa sababu makuti humeza mwanga na kidogo kinachorudi hurudi na rangi yake. Paa la mabati lisilo na dari, likiwa juu sana, halina nafuu kubwa. Tafuta ukuta uliopakwa chokaa, uelekeze flashi huko kwa ubavu. Kama haupo, mwombe mtu asimame na mwavuli mweupe upande mmoja wa ukumbi.

Flashi zinazojipimia nguvu zenyewe zina kosa jingine la kuzingatia. Bwana harusi akivaa kanzu nyeupe, kipimo cha kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake hutoka na giza. Ongeza theluthi mbili za hatua, au hatua nzima (hatua moja ni mwanga mara mbili). Kinyago cha mpingo kikijaza picha, kosa huwa kinyume chake, nawe upunguze. Kwa ngoma za usiku, shusha kasi hadi 1/30 na upandishe ISO hadi 1600 ili taa za uwanjani zionekane nyuma ya wachezaji, kisha chagua flashi iwake mwishoni mwa kufunguka kwa shata, ili michirizi ya mwendo ifuate nyuma ya mchezaji na isimtangulie. Shughuli za unyago na jando zina sehemu zisizopigwa picha kabisa; waulize wazee mapema, kamera ikiwa bado mkobani.

Kuhusu lenzi nitasema machache. Ya pili kununua iwe ya mm 50 yenye tundu la f/1.8. Kwenye kamera zenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) kidogo, uwezo wake wa kukaribisha hulingana na wa lenzi ya mm 75 au 80, ambao unaupendeza uso wa mtu. Ikilinganishwa na lenzi ya kawaida ambayo kwa mm 50 hufunguka hadi f/5.6 hivi, hupokea mwanga karibu mara kumi zaidi. Usiifungue yote kila wakati, kwani kwa f/1.8 jicho moja linaweza kuwa kali na la pili likafifia, f/2.8 ni salama zaidi. Kwa milango ya nakshi na kuta za matumbawe za Mikindani, ambako mitaa ni myembamba, rudi kwenye mm 18 na usubiri jua la pembeni, asubuhi au alasiri, kwa sababu ile ile iliyokufanya uiweke flashi ubavuni mwa kinyago.

Adui wa lenzi huku ni ukungu, yaani kuvu. Unyevu wa pwani huotesha nyuzi nyembamba ndani ya vioo, na zikishakomaa hula utando wa kioo hata lenzi isitengenezeke. Hifadhi lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu, ukikusudia asilimia 40 hadi 50. Usizifungie kabatini kwa miezi. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa ili isitoe jasho, na ukirudi kutoka Msimbati au ufuko wowote, ifute kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kwa maana chumvi huendelea kula chuma hata baada ya kukauka.

Ama kuhusu programu, anza na darktable, ambayo ni ya bure, hupakuliwa mara moja na kufanya kazi bila intaneti. Lightroom ni nzuri lakini hulipiwa kila mwezi. Asiye na kompyuta anaweza kuanza na Snapseed kwenye simu. Piga faili ghafi, yaani RAW, kwa kuwa lina viwango 4,096 au 16,384 vya mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, ina 256 tu. Darktable hailigusi faili lenyewe; huandika mabadiliko yako kwenye faili dogo la XMP kando yake, hivyo unaweza kurudi mwanzo siku yoyote.

Fuata mpangilio huu: sahihisha weupe kwanza (kitu cheupe kionekane cheupe), kisha mwanga wa jumla, kisha upotofu wa lenzi, na chembechembe za ISO kubwa mwishoni. Jaribu kubwa litakuwa kuinua sehemu za giza mpaka uso wa mtu ugeuke kijivu. Usifanye hivyo. Vuta picha karibu, utafute mng'ao kwenye mfupa wa shavu na kwenye pua, uhakikishe kwamba haujaungua wala haujafutwa, kisha uache weusi unaouzunguka ubaki weusi. Vitufe vya urembo kwenye programu za simu husawazisha na kung'arisha ngozi, nami nakusihi usivitumie kwa mtu ambaye hakukuomba. Picha ikishakamilika, toa JPEG ya kumpelekea mwenyewe, na ulinakili faili ghafi pamoja na XMP yake kwenye diski mbili, moja ikikaa kwako na ya pili kwenye nyumba nyingine.