Namna ya kuombea Mto Nyando fedha za umma

Wakazi wa kando ya Mto Nyando, magharibi mwa Kenya, wanaotaka fedha za umma za kurejesha kingo zake waanze kwa kusajili chama cha watumiaji wa maji, ambacho Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 inakitambua kuwa chombo cha wananchi cha kusaidia kusimamia maji na kutatua migogoro. Chama hicho, kikishirikiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, huandaa mpango wa usimamizi wa bonde dogo, yaani eneo ambalo maji yake hutiririkia sehemu yenu ya mto, na mpango huo ndio msingi wa maombi yenu.

Msiharakishe mpango. Tembeeni kwa miguu ukingo wote wa sehemu yenu, mkiandika palipomomonyoka, panapochimbwa mchanga, panaponyweshwa ng'ombe na penye mashamba yaliyosogea hadi majini. Karibu na Ziwa Victoria, wasusi wa mikeka ya mafunjo waulizwe mapema sana, kwa kuwa, nionavyo mimi, mpango unaowazuia kuvuna bila kuwapangia zamu hauwezi kudumu, na wao ndio wanaokijua kinamasi cha mafunjo hayo kuliko mtaalamu yeyote. Pandeni mianzi na miti ya kienyeji. Mikaratusi hunywa maji mengi mno.

Katika bajeti, tengeni fungu la kupalilia na kulinda miche baada ya kupandwa, jambo ambalo husahaulika. Fedha zikifika, hesabu zisomwe barazani, na mkinyimwa taarifa na ofisi ya umma, iombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016.