Kuzungumzia P2 na Uavyaji Mimba Barazani: Mwongozo kwa Mhudumu wa Afya ya Jamii

Anayetaka kubadili mitazamo ya watu wa mtaa wake nchini Kenya kuhusu jambo hili, kwanza atenganishe mambo mawili ambayo mabaraza mengi huyachanganya: vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, maarufu kama P2, na uavyaji mimba. Yakibaki yamechanganyika, kila utakachosema juu ya P2 kitasikika kama utetezi wa kuavya.

Chora mstari ardhini kwa kijiti, kila alama iwe siku moja. Eleza kwamba mbegu za mwanamume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, ilhali yai likishatoka hudumu kwa takribani siku moja tu. Kwa hiyo si lazima mimba itunge usiku uleule, kwani mara nyingi mbegu ndizo hulisubiri yai. Kazi kuu ya P2, yenye miligramu 1.5 za homoni iitwayo levonojestreli, ni kulichelewesha yai lisitoke, na ndiyo maana humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana. Mimba ikiwa imekwisha kutunga, dawa hiyo haiitoi wala haiidhuru. Kisha mpe kijiti mmoja wa wazee arudie maelezo hayo kwa maneno yake; mimi nisingeiharakisha sehemu hii hata muda ukibana, kwa sababu aliyeuelewa mstari huo ataweza kuuchora tena nyumbani kwake. Wala usiisifu dawa kupita kiasi: haikingi Virusi vya Ukimwi, haifai kuchukua nafasi ya njia ya kawaida ya kupanga uzazi, na koili ya shaba, kifaa kidogo kinachowekwa katika mji wa mimba, ikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya kujamiiana huzuia mimba kwa uhakika zaidi.

Uavyaji mimba utengewe kikao chake. Soma Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 kwa sauti, neno kwa neno, kwa kuwa wapo wanaodhani umepigwa marufuku kabisa na wapo wanaodhani umeruhusiwa tu: hauruhusiwi, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona kwamba pana haja ya matibabu ya dharura, au kwamba uhai au afya ya mama imo hatarini, au pale sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu. Ongeza kwamba utafiti ulikadiria visa takribani 465,000 vya kuavya nchini mwaka 2012. Takwimu hiyo haimwambii mtu aamini nini, lakini humzuia kusema kwamba mambo haya hutendeka kwingine.

Halafu gawa karatasi zisizo na majina zenye swali moja: mwanamke anayevuja damu baada ya kuavya akifika zahanati, afanyiwe nini? Zikusanye, zichanganye, uzigawe upya, na kila mtu aitetee karatasi aliyoipata, hata kama haafikiani nayo. Hapo hasira hupungua, maana anayezungumziwa sasa ni mgonjwa, na Ibara ya 43(2) inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Imamu na mchungaji watembelee mapema, kila mmoja kwake. Usiwaombe wabadili mafundisho ya dini. Waulize swali lilelile la karatasi, na uwaombe ruhusa ya kulinukuu jibu lao barazani. Baada ya miezi mitatu, gawa swali hilo tena, kisha ulinganishe majibu mapya na yale ya kwanza.