Somo: Kuchagua kadi ya grafiki ya bei nafuu kwa kompyuta ya Linux ya kutazamia filamu

Wengi wanaponunua kadi ya grafiki huanza kwa kuuliza ina kumbukumbu kiasi gani na inaendesha michezo kwa kasi gani. Kwa kompyuta ya Linux itakayounganishwa na runinga kwa ajili ya filamu, maswali hayo mawili hayana uzito mkubwa. Kinachoamua kama picha itakwenda bila kukwama ni sehemu ndogo ndani ya chipu ya kadi, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kusimbua video (kuifungua video iliyobanwa ili ionyeshwe), pamoja na kiendeshi kinachoiwezesha Linux kuitumia sehemu hiyo. Mfano mzuri ni kadi ya NVIDIA GTX 970 ya mwaka 2014 na mdogo wake GTX 960 iliyotoka mwanzoni mwa 2015: katika michezo 970 inaishinda 960 kwa mbali, lakini 960 inasimbua HEVC (aina ya ubanaji wa video) kikamilifu na 970 haiwezi.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba kadi inahitajika

Kabla ya kutoa fedha, chunguza kichakataji ulicho nacho, kwa sababu vingi vina grafiki ndani yake. Vya Intel kuanzia kizazi cha 7 husimbua HEVC na VP9 za biti 10 (zenye viwango vingi vya rangi kuliko biti 8 za kawaida), na kuanzia kizazi cha 11 vinasimbua AV1 pia (VP9 na AV1 nazo ni aina za ubanaji wa video), isipokuwa vile ambavyo jina lake linaishia na herufi F, ambavyo havina grafiki kabisa. Ryzen za mfululizo wa 7000 za kompyuta ya mezani nazo huiweza AV1.

Sakinisha programu ya vainfo, fungua terminali, kisha iendeshe. Itakuletea orodha ndefu ya mistari, na kila mstari una jina la aina ya video upande wa kushoto na kazi inayoweza kufanyika upande wa kulia. Ukiona VAProfileHEVCMain10 ikifuatiwa na VAEntrypointVLD, basi HEVC ya biti 10 inasimbuliwa na chipu. Ukiona VAEntrypointEncSlice peke yake, hiyo ni kazi ya kurekodi na haikusaidii katika kutazama. Kwa AV1 tafuta VAProfileAV1Profile0. Ikiwa mistari unayoihitaji ipo na tundu la HDMI la kompyuta linatosheleza runinga yako, huna haja ya kadi, na somo hili limekwisha kukulipa.

Hatua ya pili: Yajue mafaili yako

H.264, iliyoanza mwaka 2003, inasimbuliwa na karibu kila kadi utakayoikuta. HEVC ya mwaka 2013 ndiyo inayotumika katika diski za Ultra HD Blu-ray, tena kwa biti 10, na hapo ndipo kadi nyingi za zamani hukwama. VP9 na AV1 hutumiwa sana na YouTube, na AV1, iliyotolewa mwaka 2018, inazidi kuenea. Ukicheza faili kwa mpv, programu ya kuchezea video, na kubonyeza herufi i, utaona aina ya kodeki (njia ya kubana video) na kama usimbuaji unafanywa na kadi au na kichakataji. Pitia mafaili yako machache kwa njia hiyo, kisha uandike orodha fupi ya unachokihitaji kweli.

Hatua ya tatu: Linganisha kadi zenyewe

Tafuta kadi isiyozidi wati 75, kwa kuwa hicho ndicho kiwango ambacho nafasi ya PCI Express hutoa bila waya wa ziada, na joto lake pia hudhibitika katika kasha dogo. Pima kasha lako, maana kadi ya kimo cha kawaida haiingii katika kasha jembamba hata ukilazimisha.

Kwa maoni yangu, Intel Arc A310 na A380 ndizo zinazostahili kuangaliwa kwanza. Zote zinasimbua H.264, HEVC, VP9 na AV1, na viendeshi vyake ni vya chanzo huria, vimo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), Mesa (mkusanyiko wa viendeshi huria vya grafiki) na kifurushi cha intel-media-driver, kwa hiyo hakuna cha kupakua kutoka tovuti ya mtengenezaji. Sharti ni kuwa na kerneli ya 6.2 au mpya zaidi. Kasoro yake ni kwamba hula umeme mwingi hata zikiwa zimetulia, mpaka uwashe ASPM (mpangilio wa kuokoa umeme wa PCI Express) katika mipangilio ya BIOS. Utasoma mahali pengi kwamba Arc haifai bila Resizable BAR, yaani uwezo wa kichakataji kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja. Kwa michezo onyo hilo ni la haki, lakini kwa kutazama filamu lisikuogopeshe.

AMD Radeon RX 6400 ni kadi tulivu, yenye kiendeshi kizuri cha chanzo huria na matumizi ya wati 53 tu, na zipo za kimo kifupi. Hata hivyo AMD waliondoa usimbuaji wa AV1 katika chipu hiyo, kasoro ambayo RX 6500 XT inayo vilevile. Asiye na mafaili ya AV1 anaweza kuichukua kwa amani, ila mimi singeinunua leo kwa matumizi ya miaka mingi.

Kwa upande wa NVIDIA, hali inahitaji uangalifu. GT 710 iachwe kabisa, hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu haisimbui HEVC. GT 1030 inasimbua HEVC na VP9 za biti 10 kwa wati 30 tu, na ilipendwa sana, lakini kiendeshi cha mfululizo wa 580 ndicho cha mwisho kwa kizazi chake, na hilo litakuwa tatizo kerneli zitakapoendelea kubadilika. RTX 3050 ya gigabaiti 6 husimbua AV1 na haihitaji waya wa ziada. Ugumu uko katika programu: mpv huitumia vizuri kwa njia ya NVDEC (njia ya NVIDIA yenyewe ya kusimbua), ilhali Kodi (programu ya kutazamia filamu kwenye runinga) kwenye Linux imejengwa juu ya VA-API, njia ya kusimbua inayotumiwa na Intel na AMD, na VDPAU, njia ya zamani ya NVIDIA, iliundwa kwa ajili ya X11 (mfumo wa zamani wa madirisha wa Linux) na imebaki nyuma. Anayepanga kutumia Kodi atapata raha zaidi kwa Intel au AMD.

Hatua ya nne: Angalia tundu la HDMI

HDMI 1.4 hupeleka 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde, HDMI 2.0 hufikisha 60, na 2.1 huenda 120. Mwanzoni mwa 2024 HDMI Forum, umoja unaosimamia HDMI, ilikataa kiendeshi cha chanzo huria cha AMD chenye HDMI 2.1, hivyo usinunue kadi ya AMD kwa kutegemea namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa filamu jambo hilo halina madhara, kwa kuwa filamu nyingi ni za fremu 24, na HDMI 2.0 inapitisha 4K ya fremu 24 yenye rangi za biti 10 bila kupunguza chochote.

Hatua ya tano: Sakinisha na ujaribu

Kwa Arc hakikisha kifurushi cha intel-media-driver kipo. Watumiaji wa Fedora wajue kwamba tangu toleo la 37 Mesa ya kawaida imeondolewa usimbuaji wa H.264 na HEVC kwa kadi za AMD, na kinachotakiwa ni mesa-va-drivers-freeworld kutoka RPM Fusion, hazina ya vifurushi vya ziada. Wengi hudhani kadi ni mbovu kumbe ni kifurushi tu. Kisha cheza faili zito kwa mpv --hwdec=vaapi huku nvtop, programu inayoonyesha kazi ya kadi, ikiwa wazi katika dirisha jingine. Kipimo cha usimbuaji kikipanda na kichakataji kikabaki kimetulia, kazi imekamilika. Mwisho, iruhusu Kodi kubadilisha kasi ya skrini kulingana na video, kwa sababu fremu 24 hazigawanyiki sawasawa katika 60: moja huonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kamera inapozunguka polepole jicho hulitambua tatizo hilo mara moja.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwalimu, shukrani kwa somo. Nikinunua Arc A380, je, nitatazama Netflix kwa 4K kwenye Linux?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na hakuna kadi itakayokuwezesha. Huduma hizo hutoa 4K kwa vifaa vyenye kiwango cha juu cha Widevine (ulinzi dhidi ya kunakili video), na vivinjari vya Linux hupewa kiwango cha chini. Usiongeze fedha kwenye kadi kwa matumaini hayo.

Swali: Vainfo inaonyesha kila kitu kwa mtumiaji mkuu, lakini nikiiendesha kwa akaunti yangu ya kawaida inakataa. Nifanye nini?

Jibu: Hiyo ni ruhusa tu. Iongeze akaunti yako katika makundi ya video na render, toka, kisha uingie upya.

Swali: Naomba kuuliza kuhusu rimoti. Runinga yangu inaweza kuendesha vifaa vingine kupitia waya wa HDMI. Kati ya kadi hizi, ipi inakubali?

Jibu: Huduma hiyo huitwa CEC, na kadi za kompyuta kwa kawaida hazina. Pulse-Eight hutengeneza adapta ya USB inayokaa kati ya kadi na runinga, nayo Kodi huitambua yenyewe. Kabla ya kuinunua, soma maelezo ya toleo lake uone kama inapitisha 4K ya fremu 60, kwani adapta iko katikati ya njia ya picha, na ikiwa ni ya kiwango cha chini itaibana hata kadi nzuri.