Somo: Vipuri vya zamani vya kompyuta ambavyo bado vizima, hatua kwa hatua

Wakuu, habari za leo. Somo la leo linahusu lile boksi la chini ya meza. Karibu kila aliyewahi kushika bisibisi analo: RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) mbili za GB 2, diski iliyotolewa siku laptopu ilipowekewa SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), feni mbili tatu, nyaya zilizosokotana, na chaja ambazo hakuna anayekumbuka zilikuwa za mashine gani. Ni vitu vizima, ila vimekosa pa kuchomekwa.

Nimeamua kuandika kwa sababu naona vipuri vikifa bila kuharibika. RAM ya DDR3, yaani ya kizazi cha tatu, leo bado ina mtu anayeitafuta, kwa kuwa mashine zake bado zipo mezani kwa watu. Ikikaa kwenye boksi miaka mingine mitano, nyingi ya mashine hizo zitakuwa zimetupwa, na RAM yako nzima itabaki haina mwenzake. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu. Boksi lako bado halijaingia kwenye hesabu hiyo. Tulizuie lisiingie mapema.

Hatua ya 1: Kipe kipuri jina lake kamili

"RAM ya zamani" si jina. Soma stika. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, na PC3L ni DDR3 inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Hiyo L moja msiipuuze: zipo laptopu zinazogoma kuwaka ukiziwekea PC3 ya kawaida, wakati PC3L yenyewe inakubali kufanya kazi hata kwenye mashine ya volti 1.5. Stika ikiwa imebanduka, hesabu pini. Za kompyuta ya mezani ni 240 kwa DDR3 na 288 kwa DDR4. Za laptopu ni 204 na 260. Pengo la chini nalo haliko mahali pamoja, kwa hiyo RAM ikikataa kuingia usiikandamize. Si saizi yake.

Diski iandike ukubwa wake, inchi 2.5 au 3.5, na aina ya soketi. Chaja iandike volti, ampea na umbo la kichwa. Volti lazima zilingane na za mashine. Ampea za chaja zikizidi hakuna tatizo, zikipungua ndipo shida inapoanza.

Hatua ya 2: Pima, usikisie

"Nilipoitoa ilikuwa inafanya kazi" ni kauli ya miaka mingapi iliyopita? Pima leo.

RAM: weka Memtest86+ kwenye flashi, washa mashine kutokea hapo, chomeka kipande kimoja kimoja na ukiache kimalize angalau mzunguko mmoja mzima. Kosa likijitokeza hata moja, kwanza kitoe, safisha pini kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi lake, rudisha, pima tena. Kosa likirudi, kipande hicho usimpe mtu. RAM mbovu haiui mashine siku hiyohiyo. Inaharibu faili kimyakimya, mwenyewe anakuja kugundua miezi mitatu baadaye.

Diski: tumia CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Linux. Angalia mistari mitatu inayohesabu sekta (vipande vya diski) zenye matatizo: 05 ni zilizobadilishwa, C5 ni zinazosubiri uamuzi, na C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Ukikuta sifuri kwenye yote mitatu, diski ina matumaini. Saa ilizofanya kazi hazinitishi sana. Nimeona diski ya saa 30,000 ikiendelea vizuri na ya saa 4,000 ikianza kukwaruza. Sikiliza pia kwa masikio. Mlio wa tik-tik unaojirudia kwa mpangilio ni wa kichwa kinachotafuta njia na kukosa.

Pawa saplai, yaani kifaa kinachogawia mashine umeme: hapa nawaomba tutulie. Usiifungue kasha lake: kapasita (vifaa vidogo vinavyotunza chaji) za ndani zinaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ipime kwa nje kwa multimita ikiwa imefungwa kwenye mashine na inafanya kazi. Waya wa njano usome volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3, na tofauti isizidi asilimia 5 juu au chini. Ukiona kupitia matundu kuwa kapasita imevimba kichwa, au ukisikia harufu ya kuungua, safari yake imekwisha.

Na hili nililipia mwenyewe. Nilikuwa na pawa saplai ya nyaya za kuchomoa, waya wa diski ukapotea. Nikachukua waya wa pawa saplai nyingine kutoka boksini, ukaingia vizuri, hata kale kamlio ka kujifunga nikakasikia. Nilipowasha, ilikuja harufu kali kama ya plastiki juu ya jiko, na diski ya TB 1 haikuamka tena. Upande wa diski soketi ni zilezile dunia nzima, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata modeli mbili za mtengenezaji mmoja zinaweza kutofautiana. Tangu siku hiyo, nyaya za pawa saplai nazifunga pamoja na pawa saplai yake kwa mpira, na zisizo na mwenyewe nazikata vichwa ili asije mtu mwingine akadanganyika.

Hatua ya 3: Futa data, na ufute kweli

Niliwahi kupewa diski na mtu aliyesema ameshaifomati. Nikaendesha programu ya kurejesha faili, kwa nia ya kumwonyesha tu. Ndani ya dakika ishirini ilikuwa imeleta picha za watoto wake wakiwa na sare za shule, nakala ya pasipoti, na barua ya hospitali. Nilisimamisha programu, nikamwita, tukaifuta pamoja. Alikaa kimya muda wote.

Kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya faili. Faili zenyewe zinabaki pale zilipokuwa hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa diski ya kuzunguka, andika sifuri diski nzima mara moja. Programu ya nwipe inafanya hivyo vizuri. Wanaosema lazima urudie mara saba au thelathini na tano wanapoteza muda. Kwa diski za kisasa mara moja inatosha, mradi imalize bila hitilafu. Diski ya GB 500 itachukua kama saa moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo iache ukaendelee na mambo mengine.

SSD ni habari nyingine. Yenyewe inahamisha data ndani kwa ndani ili isichoke sehemu moja, hivyo ukiandika juu yake kuna vipande vinavyobaki pembeni usipoweza kuvifikia. Tumia amri yake maalumu ya kujifuta, inayopatikana kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka) ya baadhi ya madabodi, yaani mabodi makuu ya mashine. Na usisahau kadi ndogo za simu na kamera zilizozama chini ya boksi.

Hatua ya 4: Lebo na mfuko

Kipande cha karatasi, kalamu: jina, tarehe ya kupimwa, matokeo. "DDR3L laptopu GB 4, imepita Memtest, Machi." Basi. RAM na kadi ziingie kwenye mifuko ya kuzuia umeme tuli. Ile ya rangi ya fedha ndiyo inayokinga vizuri, ila usiiwashe madabodi ikiwa imelala juu yake, maana uso wake unapitisha umeme.

Hatua ya 5: Kitafutie kazi

Kuna njia nyingi, lakini mimi nina upendeleo na sitauficha: unganisha vipuri viwe mashine moja inayowaka, kisha toa mashine. Mtu au shule ukimpelekea boksi la RAM na diski, umemhamishia kazi. Anahitaji fundi, anahitaji kujua kinachoingiliana na nini. Ukimpelekea mashine moja iliyopimwa, ina chaja yake, imewekewa mfumo na neno la siri limebandikwa mgongoni, jioni hiyohiyo kuna mtoto anajifunza kuandika.

Mashine nyingi ziliachwa njiani Windows 10 ilipofika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa sababu Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za karibuni. Hizo bado zina nguvu. Ziwekee Linux Mint, mfumo wa bure; kwa GB 4 za RAM na SSD ndogo, kazi za ofisi na intaneti zinakwenda bila tabu. SSD ya GB 120 ambayo wewe unaiona ndogo ndiyo inayofufua laptopu ya miaka kumi kuliko kitu kingine chochote.

Kikikosa mashine, kigeuze. Diski ya inchi 2.5 itie kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala ya tatu ya faili zako. Ya inchi 3.5 inataka kasha lenye umeme wake, kwa kuwa inahitaji volti 12 na USB ya kawaida inatoa 5. Skrini ya laptopu iliyokufa, ukiagiza bodi ya kuiendesha kwa kufuata modeli iliyoandikwa mgongoni mwa paneli, inakuwa skrini kamili ya HDMI. Feni, skrubu, vipoza joto: weka akiba kidogo, vingine gawa.

Kilichokufa kabisa kipeleke kwa wanaochakata taka za kielektroniki. Kuchoma nyaya ili kupata shaba msithubutu, wala msimpe mtu mnayejua atachoma. Moshi wa plastiki yake una sumu ya dioksini, na anayeuvuta mara nyingi ni kijana asiye na hata barakoa.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nina laptopu skrini imepasuka, vingine vyote vizima. Nivunje nichukue vipuri?

Jibu: Usivunje, ndugu yangu. Iunganishe na skrini ya nje, tayari ni kompyuta ya mezani. Au ifanye seva ya kuhifadhia faili za nyumbani. Betri yake ikiwa nzima, umeme ukikatika haizimi ghafla.

Swali: Mimi nina ya mezani, ya zamani mno, DDR2. Nataka iwe seva ya kukesha. Inafaa?

Jibu: Itafanya kazi, lakini piga hesabu ya umeme kwanza. Mashine inayokula wati 60 ikiwa imetulia tu, kwa siku ni yuniti 1.44, kwa mwezi zaidi ya 43. Laptopu ya wati 15 kwa mwezi inakula kama 11. Kwa kazi ya kukesha ningechukua laptopu. Hiyo DDR2 iwe ya kuwashwa kwa muda: kufutia diski, kupimia kadi, kumfundishia kijana kufungua na kufunga bila hofu.

Swali: Naweza kuchanganya RAM ya GB 4 na ya GB 2?

Jibu: Ndiyo, zikiwa kizazi kimoja. Zote zitakwenda kwa kasi ya ile ya polepole. Baada ya kuchanganya, pima tena kwa Memtest86+ zikiwa pamoja, maana kila moja inaweza kupita peke yake na zikagombana zikiwa mbili.

Swali: SSD ya zamani niijaze picha za familia halafu niiweke kabatini, ni sawa dada?

Jibu: Hapana mpendwa. SSD inatunza data kwa chaji ya umeme, na chaji inavuja taratibu ikikaa bila kuwashwa, hasa SSD iliyotumika sana au ikikaa kwenye joto. Picha weka kwenye diski ya kuzunguka iliyopita vipimo, na nakala nyingine mahali pengine. Hiyo SSD ipe laptopu.

Swali: Kuna betri ya laptopu kwenye boksi imevimba kama mto. Naitoboa itoe hewa?

Jibu: Usiitoboe, usiikandamize, usiichaji! Ikitobolewa inaweza kushika moto papo hapo, na moto wake ni mgumu kuzima. Iweke nje ya nyumba mbali na vinavyoungua, kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, vichwa vyake umevifunika kwa selotepu. Kisha uipeleke kwa wanaopokea betri, na uwaambie mapema kuwa imevimba.

Swali: Diski yangu C5 inasoma 8, lakini inafanya kazi vizuri tu. Kuna jirani anaiomba kwa ajili ya kazi za chuo. Nimpe?

Jibu: Hizo ni sekta nane ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyie nini. Hamisha vilivyomo, andika sifuri diski nzima, kisha uangalie tena. C5 ikirudi sifuri na 05 isipande, irudie kuipima baada ya wiki moja ya matumizi. Hata ikitulia, usimpe kwa kazi za chuo. Mpe kama anataka kujaribia mifumo au kuwekea filamu, na umwandikie kwenye lebo: "iliwahi kuonyesha C5, usiweke kitu usichokuwa na nakala yake."