Kabla Hujaomba Fedha za Masomo Bustanini

Wengi huniuliza mfadhili nitampata wapi. Nami huwauliza: mtunza bustani mmeshaongea naye? Miaka yote niliyofundisha watoto chini ya miti ya bustani ya umma, sijapata msaada kama wa yule anayefagia majani alfajiri. Ndiye anayejua mti upi una viota na kivuli kinahama saa ngapi.

Anza kwake. Kisha nenda kwa mwalimu, umuulize ni mada gani inawashinda wanafunzi muhula huu. Kwetu ilikuwa hesabu za duara. Tukachukua kamba: mtoto anaizungusha kwenye shina, anapima urefu wake, anagawa kwa 3.14, anapata kipenyo cha mti. Kamba iligombaniwa! Somo la namna hii halina gharama kubwa, na ndilo la kumwalika mfadhili aje alione.

Sasa andikeni hati ya makubaliano, hata ya ukurasa mmoja. Bustani itoe eneo na kibali, shule itoe walimu, shirika lililosajiliwa lipokee fedha na kuzitolea hesabu. Andikeni pia nani atampigia nani simu mambo yakibadilika. Siku moja tulifika na watoto 40 tukakuta nyasi zimepuliziwa dawa asubuhi ileile. Kila mtu alidhani mwenzake ameshatuarifu. Tuliwageuza watoto langoni, na nyuso zile sijazisahau.

Msikimbilie mkataba mkubwa. Kule New York, Central Park Conservancy, shirika linalotunza bustani ya umma ya Central Park, lilianzishwa mwaka 1980, lakini mkataba wake rasmi na jiji wa kuisimamia bustani ile ulitiwa saini mwaka 1998. Ninyi kubalianeni msimu mmoja kwanza.

Kwenye bajeti, saa za wanaojitolea na matumizi ya eneo yapewe thamani yake, maana wafadhili wengi hutaka kuona wenyewe mmeweka nini. Maji, vyoo, huduma ya kwanza na siku mbadala mvua ikinyesha visisahaulike. Tafuteni wafadhili wawili au watatu, mmoja akijitoa masomo yasife. Na anayetaka nembo yake kila mti, mkatalieni kwa heshima. Bango moja langoni linamtosha.

Msimu ukiisha, toeni ripoti: watoto wangapi walikuja, walijifunza nini, risiti ziko wapi. Nakala ya kwanza mimi humpelekea mtunza bustani.