Mche umetoka wapi? Kuchora ramani ya hatari ya virusi vya migomba

Mkulima akisikia ugonjwa wa migomba umeingia, macho huenda kwanza kwenye shamba la jirani. Si kosa. Lakini kwa virusi vya BBTV (kifupi cha jina la Kiingereza, banana bunchy top virus), vinavyofanya majani yabanane kileleni kama ufagio uliosimamishwa, jirani ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni machipukizi uliyopewa msimu uliopita, ukashukuru, ukapanda.

Virusi hivi haviambukizwi kwa panga, tofauti na mnyauko bakteria, ugonjwa mwingine wa migomba. Shambani hubebwa na kidukari wa migomba, mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyokoza anayejificha chini ya maganda ya shina na ndani ya jani changa ambalo bado limejisokota. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, wafuate watakuonyesha alipo, kwa sababu hupenda utamu anaoutoa. Mdudu huyu hasafiri mbali. Uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya Australia ulikuta karibu theluthi mbili ya maambukizi mapya yako ndani ya mita 20 kutoka mgomba mgonjwa, na asilimia 99 ndani ya mita 86.

Sasa linganisha na safari za ugonjwa wenyewe. Ulijulikana Fiji mwaka 1889, ukaonekana Australia 1913. Mwaka 2011 ulithibitishwa Benin, na 2012 Nigeria. Mita 86 hazivushi mtu bahari. Anayevusha ni binadamu mwenye miche mkononi.

Kwa hiyo ramani yenye manufaa ina alama za aina mbili. Anza na mchoro wa eneo lenu: mashamba, njia, mito, soko, na viunga vilivyotelekezwa. Viunga hivyo visipuuzwe, maana migomba isiyo na mwenyewe hufuga vidukari bila mtu kuuliza. Kila mgomba mgonjwa utie nukta, kisha zungushia duara linalofika mita 20 kutoka kwenye nukta kila upande, na jingine la mita 90. Simu yenye uwezo wa kunasa mahali inasaidia, ila hata hatua za miguu zilizohesabiwa vizuri zinatosha. Halafu chora mishale: kila shamba lilipata wapi machipukizi, na limeyagawa kwa nani. Sehemu hii ndiyo ngumu, kwa sababu watu husahau au huona aibu kumtaja aliyewapa. Uliza kwa upole. Shamba lililo mbali na kila duara, lakini mshale wake unaanzia kwenye nukta, ni la hatari kubwa hata kama majani yake bado ni mazuri.

Zingatia pia mwinuko. Vidukari hustawi zaidi kwenye joto, hivyo mabonde ya chini yakaguliwe mara nyingi kuliko nyanda za juu zenye baridi. Baridi hupunguza kasi tu. Haimponyi mgomba ulioletwa ukiwa mgonjwa.

Ukikagua, usisubiri migomba idumae. Geuza jani changa, litazame upande wa chini dhidi ya mwanga: mistari na vidoto vya kijani kilichokoza kandokando ya mshipa mkuu na kwenye vishipa vidogo, ambavyo karibu na mshipa mkuu hujipinda kama ndoano. Baadaye kingo hugeuka njano na kila jani jipya hutoka fupi na jembamba kuliko lililotangulia. Dalili huweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi baada ya kuambukizwa. Ukaguzi mmoja, basi, hausafishi shamba. Rudi kila mwezi na uandike tarehe kwenye ramani.

Dawa ya kuponya mgomba haipo. Ukiupata mgonjwa, mwite afisa ugani athibitishe, na kabla ya kuugusa ua vidukari kwa kiuatilifu atakachokuelekeza. Ukianza kwa kung'oa, utawatawanya wahamie migomba mizima. Kisha chimba shina zima na machipukizi yake yote, hata yanayoonekana mazima, uyakatekate hadi kisiki kisichipue tena. Kwenye ramani usiifute nukta hiyo. Ibadilishe rangi, na migomba iliyo ndani ya mita 20 iwe ya kwanza kukaguliwa kila mwezi.