SOMO: Kubadilisha kitambaa cha paneli za milango ya gari mwenyewe nyumbani, kwa hali ya hewa yetu ya Tanga

Habari zenu wagosi na dada zangu wote. Gari nyingi tunazotembelea hapa Tanga, IST, Raum, Spacio na wenzao, zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika miaka mingi, alafu tunazipaki juani kule Ngamiani kutwa nzima na hewa ya bahari juu, mwisho kitambaa cha mlango kinabanduka kinajaa upepo. Ukikibandua utakuta chenyewe bado kizima kabisa! Kilichokufa ni ile sponji nyembamba ya nyuma yake, imegeuka ungaunga wa njano unaonata vidoleni. Ndo maana ukichukua sindano ukachoma gundi kwa chini haidumu, unakuwa umegundisha kitambaa kwenye vumbi.

VIFAA: bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 10, kipande cha plastiki ngumu cha kubandulia, brashi kavu ya kufulia, spiriti, brashi ya rangi, mkasi unaokata kweli na wembe mpya. Kitambaa tafuta kinachovutika chenye sponji ya milimita 3 nyuma, mita moja na nusu kwa upana wa mita moja na nusu inatosha milango minne ya gari ndogo. Gundi chukua ya mpira, ile ya mafundi sofa, ila soma kopo kama inahimili joto, maana gari lililofungwa vioo juani ndani linaweza kupita nyuzi 60 na gundi dhaifu inalainika. Gundi nyeupe ya mbao achana nayo, na supaglu pia, ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na inaacha madoa.

HATUA YA 1. Chomoa waya hasi wa betri. Skrubu za paneli zinajificha, moja nyuma ya kikombe cha kitasa, nyingine ndani ya mahali pa kuvutia mlango, nyingine kwenye kona ya kioo cha pembeni. Ukishazitoa zote bandua klipu za pembeni moja moja kuanzia chini, alafu inyanyue paneli kwenda JUU ndo itoke kwenye ukingo wa kioo, usiivute kuja kwako. Usiing'oe kwa pupa, nyuma kuna kebo ya kitasa na soketi ya swichi ya kioo. Piga picha kabla hujachomoa chochote.

HATUA YA 2. Kile kipande chenye kitambaa kwenye gari nyingi kinatoka peke yake, kimeshikwa na vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa. Vikate kwa wembe taratibu, ubakishe urefu, utavihitaji kurudishia.

HATUA YA 3. Hapa ndo kazi yote ilipo na ndo hatua watu wengi wanayoiruka. Bandua kitambaa cha zamani, kihifadhi kiwe kipimo, alafu sugua ule unga wa sponji kwa brashi KAVU. Ukitia maji unakuwa uji na hautoki. Sugua mpaka uone plastiki yenyewe, pitisha kiganja, kikitoka na njano hata kidogo rudia. Malizia na kitambaa chenye spiriti kidogo. Tina, ile ya kuchanganyia rangi, usitumie, inayeyusha plastiki.

HATUA YA 4. Kata kitambaa kipya ukiacha sentimita 4 au 5 kila upande. Kama ni mahameli hakikisha manyoya yanalala upande mmoja milango yote, la sivyo mlango mmoja utaonekana na rangi yake.

HATUA YA 5. Paka gundi pande zote mbili, tabaka jembamba, alafu SUBIRI. Dakika 10 mpaka 15, gusa na kidole, ikivuta kidogo bila kuhamia kidoleni iko tayari. Ukiwahi, ile tina ya kwenye gundi inafungiwa ndani, gari likipata joto inafuka na kuinua kitambaa. Na siku ya mvua za masika ahirisha kabisa, gundi inapokauka inapoa na kuvuta unyevu wa hewa, utaiona imekuwa nyeupe nyeupe, hiyo haishiki. Fanyia uwani penye upepo, mbali na jiko la mkaa na watoto, mvuke wake unashika moto.

HATUA YA 6. Anza kukandamiza kwenye bonde la paneli, sio kwenye ukingo, alafu toka nje kwa kiganja. Ukianza pembeni, bondeni kitambaa kitakaa kama ngoma na baadaye kinabanduka. Kwenye kona kata mipasuo midogo, ishie kabla ya kufika ukingoni, kunja nyuma ugundishe. Rudishia vyote ulivyotoa.

MASWALI

Wa Makorora: Mkuu vipi silingi ya juu, naweza kufanya hivi hivi bila kuishusha?
– Hapana kaka, lazima ubao wote utoke, ugonjwa ni ule ule wa sponji. Pini zinashikilia tu kwa muda. Na zile nguzo zenye maandishi ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukinga watu kwenye ajali, usizivike kitambaa, inatakiwa itoke bila kuzuiwa.

Dada wa Chumbageni: Mi napenda leza, ile ya ngozi, itashika?
– Itashika dada ila leza ya bandia ina mafuta yanayoilainisha, yanahama taratibu mpaka yanalegeza gundi ya kawaida. Muulize muuzaji gundi maalumu ya leza ya plastiki. Kwa bonde refu kitambaa ni rahisi zaidi.

Wa Raskazone: Nimemaliza vizuri ila mlango unalia kraa kraa kwenye mashimo.
– Klipu zimevunjika au zimelegea, nunua mpya, ni vitu vya bei ndogo.

Mama wa Mikanjuni: Mwanangu, cha kwangu kinaloa chini kila ikinyesha, fundi alibadilisha juzi tu.
– Shikamoo mama. Nyuma ya paneli kuna nailoni imegundishwa kwenye bati, nadhani hakuirudisha. Maji ya kiooni huwa yanashuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini, bila nailoni yanaingia kwenye kitambaa. Mwambie aifungue, aweke nailoni nzima, azibue na vile vitundu, kitambaa akianike kikauke kabisa ndo afunge.